BUNDUKI NA MSIKITI: WATAFITI WALIOIANDIKA MASASI NA NEWALA

(Mada iliyotolewa mbele ya walimu wa madrasa, wazazi na wanafunzi wa sekondari)

 



Tumeombwa tuzungumzie jambo ambalo vijana wamekuwa wakiliuliza kwa muda mrefu. Anapofika kijijini mgeni mwenye daftari, akauliza ni nani aliyejenga msikiti huu, ni nani aliyemsomesha imamu, na baina ya watu wa dhikri na watu wa Sunna kuna nini, je, ajibiwe au akimbiwe? Swali hili si la mzaha. Tangu mwaka 2001, na zaidi tangu Oktoba 2017 vita vilipozuka Mocímboa da Praia, ng'ambo ya Ruvuma, Mwislamu wa Kusini anapoulizwa habari za dini yake husikia nyuma ya swali hilo swali jingine, nalo ni la bunduki.

Tumeona ni bora kulijibu kwa kutazama historia ya watafiti wenyewe: waliokuja kwetu ni nani, walitumwa na nani, na walikuta nini. Ipo elimu iitwayo jiografia ya siasa. Kwa lugha nyepesi, elimu hii huchunguza jinsi ardhi na madaraka yanavyoshikana: nani anashika njia, nani anashika maji, nani ana watu wenye silaha, watu hao wanamtii nani, na dini inakaa upande gani wa mambo hayo. Katika wote walioandika juu ya Masasi na Newala, wawili wanatufaa zaidi leo. Mmoja alikuwa msomi wa jiografia aliyekuja mwaka 1906 akilindwa na askari. Wa pili ni mwanahistoria wa zama zetu, ambaye aliyauliza maswali hayo hayo ya silaha na dini, naye akayapatia majibu ambayo wengi wetu hatujayasoma.

Tuanze na ardhi yenyewe. Masasi iko chini, katika nchi ya majabali makubwa yanayosimama peke yake. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ikiutazama Ruvuma kwa chini. Huko juu udongo unapokea mvua na kuimeza, mito hakuna. Mama zetu walikuwa wakiteremka mabondeni na kupanda tena na maji kichwani, mwendo wa saa nyingi, hadi ulipoanzishwa mradi wa maji wa Makonde katika miaka ya 1950. Mtu angeuliza, kwa nini watu wakae mahali pasipo maji? Jibu ni kwamba vichaka vile vizito na ukame ule vilikuwa ngome. Mvamizi wa Kingoni na mwindaji wa watumwa hawakupenda kupanda huko. Wale waliokaa chini walilipa gharama: mwaka 1882 Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, waliivamia Masasi, ambako Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana alikuwa amewapeleka watumwa walioachwa huru mwaka 1876, na misheni ikahamia Newala.

Katika nchi ya namna hiyo mtu mkubwa alikuwa ni yule mwenye bunduki, wafuasi na njia ya biashara. Mfano mashuhuri ni Machemba, Myao aliyekaa katika uwanda wa Makonde. Wajerumani walipomtaka aende pwani kutii, alimwandikia Wissmann mwaka 1890 barua ya Kiswahili ya kukataa. Alidumu hadi mwaka 1899, alipofukuzwa kwa nguvu akavuka kwenda Msumbiji. Wakubwa wa aina yake walijua habari za pwani, walifanya biashara na Waislamu, na baadhi yao walivaa na kuandika kama watu wa pwani. Lakini kuwa na mwandishi anayejua herufi za Kiarabu ni jambo moja, na kumfungulia mkulima wa kawaida mlango wa dini ni jambo jingine. Tuliweke hili akilini, maana tutalirudia.

Ndipo akaja Karl Weule. Mtu huyu alisomea jiografia, akafanya kazi katika majumba ya makumbusho ya Berlin na Leipzig, na mwaka 1906 alitumwa Afrika Mashariki chini ya kamati ya uchunguzi wa makoloni iliyoongozwa na mwanajiografia Hans Meyer. Alikusudia kwenda pande za Kondoa-Irangi. Habari za machafuko huko zikambadilishia njia, akaletwa Lindi. Basi hata safari yake ya elimu ilipangwa na ramani ya vita. Naye alifika wakati gani? Maji Maji ilikuwa imelipuka Julai 1905; misheni ya Masasi ilichomwa mwaka huo huo; na katika sehemu nyingine za koloni vita vilikuwa havijamalizika. Makadirio ya wanahistoria juu ya waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyosababishwa na kuchomwa mashamba, hufika 250,000 na zaidi.

Weule alipita Masasi, akapanda Newala, akafika Mahuta, akiwa na wapagazi na askari wa kumlinda. Alirekodi nyimbo kwa mashine ya santuri za nta, alipiga picha zinazotembea, aliwaangalia akina mama wa Masasi wakifinyanga vyungu, aliwapa watu penseli na karatasi wachore. Vitu vingi vikasafiri kwenda Leipzig. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908, na mwaka uliofuata kikatolewa kwa Kiingereza na Alice Werner, ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanalijua jina lake. Yeye mwenyewe akawa mkurugenzi wa jumba la makumbusho, na mwaka 1920 akawa profesa kamili wa kwanza wa elimu ya makabila katika Ujerumani. Alifariki mwaka 1926.

Hatumdharau. Leo mtu anayetaka kujua jando na unyago vilikuwaje kabla ya vita vya kwanza vya dunia hana budi kumfungua Weule. Lakini mtu anayefika kijijini na askari, mwaka mmoja baada ya kijiji cha jirani kuchomwa, anaonyeshwa nini na anafichwa nini? Alikuja kutafuta desturi za kale za Mwafrika, na alizipata. Uislamu uliokuwa unaanza kuchipua chini ya miembe haukuwa hazina aliyotumwa kuileta.

Miaka miwili baadaye serikali ya Kijerumani ililazimika kuutazama. Mwaka 1908 ilienea Lindi, na kutoka huko ikasafiri bara, barua iliyosemwa kuwa imetoka Makka. Ilidai kwamba Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume (s.a.w.), ameota ndoto ya kuonywa kuhusu Kiyama, na watu watubu. Misikiti ikajaa. Maofisa wakaingiwa na hofu kwamba Maji Maji ya pili inakuja, safari hii ikiwa na kilemba. Wakawakamata walimu, wakaitafuta asili ya barua, wakamnyooshea kidole Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyepigana na Wabelgiji na Wajerumani miaka ya 1890 na ambaye wakati huo alikuwa Zanzibar. Vita havikutokea. Watu walikuwa wamefanya lile ambalo barua iliwaambia wafanye: wameswali.

(Wasikilizaji wetu watakuwa wameitambua barua hiyo. Ndiyo ile ile inayozunguka hadi leo katika simu zenu, ikimtisha asiyeisambaza kwa watu kadhaa. Marehemu Sheikh Abdulaziz bin Baz aliandika kuikanusha na kueleza kuwa ni uzushi. Jambo la kuzingatia ni kwamba uzushi ule ule ulimtisha ofisa wa Kijerumani kwa sababu moja na mkulima wa Masasi kwa sababu nyingine kabisa.)

Wajerumani walimkabidhi msomi kazi ya kuwaeleza Uislamu wa koloni lao. Carl Heinrich Becker, profesa wa Hamburg, alitoa mwaka 1911 makala juu ya Uislamu katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, akitumia vifaa vilivyokusanywa katika koloni. Swali la serikali lilikuwa: hawa ni hatari? Swali hilo halina ubaya kwa mwenye kulinda mji, lakini likiwa ndilo swali la kwanza na la mwisho, humfanya mwulizaji asione watu. Tena walisahau jambo lililokuwa mbele ya macho yao. Jeshi la Wissmann la mwaka 1889 liliundwa kwa Wasudani walioandikishwa Misri, wengi wao Waislamu, pamoja na watu kutoka Msumbiji. Baadaye wakaongezwa wenyeji, na pembeni yao ruga-ruga, yaani wapiganaji wasio askari rasmi, waliotumika kuchoma na kuteka. Kwa upande mwingine, waliokunywa maji ya Kinjikitile wa Ngarambe walifuata dawa na mizimu. Kwa hiyo katika vita vile, askari wa serikali ndiye aliyeweza kuonekana akitawadha, na mwasi ndiye asiyeijua kibla. Mwenye kudhani kwamba siku zote silaha na dini husafiri pamoja kwa upande mmoja, na aitazame Lindi ya mwaka 1905.

Sasa tumfikie mtafiti wa pili. Inatokea kwamba naye anaitwa Becker, lakini hawana uhusiano tunaoujua zaidi ya jina. Felicitas Becker alisoma Cambridge, akafanya utafiti wake katika mikoa ya Lindi na Mtwara mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, akafundisha Uingereza na Kanada, na baadaye akawa profesa wa historia ya Afrika katika Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji. Mwaka 2004 alitoa makala juu ya Maji Maji katika kusini-mashariki, akichunguza wafanyabiashara, wakubwa wenye wafuasi na waganga. Mwaka 2006 aliandika juu ya mgogoro wa Waislamu wa Rwangwa. Mwaka 2008 kikatoka kitabu chake kikubwa juu ya jinsi watu wa Tanzania Bara walivyokuwa Waislamu kati ya mwaka 1890 na 2000. Mwaka 2009 akaandika juu ya mazishi, na mwaka 2019 juu ya siasa za umaskini na maendeleo vijijini. Yeye ni mwanahistoria, si mwanajiografia. Lakini aliifuata ardhi kwa miguu, akalinganisha pwani na bara, bonde na uwanda, na akawasikiliza wazee katika mikeka yao.

Alikuta nini? Kwanza, hakukuta upanga. Wale wakubwa wenye bunduki wa zama za Machemba hawakuwasilimisha watu wao kwa wingi. Uhusiano na pwani ulikuwa mtaji wa ukubwa wao, na mtaji haugawiwi bure. Kisha Maji Maji na vita vya kwanza vya dunia vikauvunja ukubwa huo. Vijana waulizeni babu zenu juu ya mwaka 1917: mapigano ya Mahiwa ya mwezi Oktoba, Wajerumani wakirudi nyuma kupitia Chiwata na Newala, wapagazi waliochukuliwa kwa nguvu, vyakula vilivyonyang'anywa na majeshi yote mawili, hadi Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma mwishoni mwa Novemba. Nchi ilibaki mikono mitupu.

Ni katika nchi hiyo, kati ya vita viwili, ndipo Uislamu ulipoenea vijijini kwa kasi. Waliouleta hawakuwa mabwana wa pwani. Walikuwa vijana waliokwenda kutafuta kazi au biashara, wakajifunza juzuu mbili tatu, wakarudi na kanzu moja, wakakusanya watoto jioni. Msikiti ulikuwa wa miti na udongo, umeezekwa kwa nyasi. Becker anaeleza kwa nini jambo hili lilikuwa na uzito. Watu wa pwani walikuwa wakiwaita watu wa bara washenzi. Mkulima aliposhika dini, akamweka imamu wa kijiji chake mwenyewe na kusimama safu moja na mtu yeyote, alikuwa anakataa jina hilo bila kumwomba ruhusa aliyempa. Hakungoja Mwarabu aje kumsilimisha, na hakutumwa na mkubwa. Huu, ndugu zetu, ndio uvumbuzi mkubwa wa kazi yake: hapa kwetu msikiti ulisimama baada ya bunduki kuondoka, na waliousimamisha ni wale ambao bunduki ilikuwa imewaonea.

Wengine wamepita baina ya Weule na Becker, nasi tuwataje kwa haraka. J. Gus Liebenow, Mmarekani wa elimu ya siasa, alikuwa Newala miaka ya 1950, na kitabu chake cha mwaka 1971 kinaonyesha Waingereza wakihangaika kumtafuta chifu kati ya Wamakonde ambao hawakuwa na machifu wakubwa, bali wakuu wa vijiji. Wakajaribu hivi, wakajaribu vile, wakaishia kwa maliwali. Terence Ranger, aliyefundisha Dar es Salaam miaka ya 1960, aliandika mwaka 1972 juu ya Masasi na jinsi Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza dayosisi hiyo kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, alivyoingiza jando katika Ukristo. Msomaji wa Ranger akimsoma na Becker ataona kitu ambacho kila mtu wa Masasi anakijua nyumbani kwake: katika ukoo mmoja kuna Juma na kuna Yohana, na wote wawili walipelekwa jandoni.

Tuje katika lile linalotugusa sisi wenyewe. Makala ya mwaka 2006 ilihusu Ansaar Sunna wa Rwangwa na ugomvi wao na wenye tariqa. Wakati huo dunia nzima ilikuwa inazungumza ugaidi, na ofisi nyingi zilikuwa tayari kumwona kila kijana mwenye ndevu na suruali iliyokatwa juu ya kifundo kuwa ni mjumbe wa mtu wa mbali. Mtafiti alikwenda kuangalia ugomvi ulikuwa wa nini. Akakuta ni juu ya ibada: jeneza lisindikizwe kwa dhikri ya sauti au kwa kimya? Akakuta ni baina ya vijana na wazee, baina ya elimu iliyopatikana kwa kusoma na heshima iliyopatikana kwa umri, na manung'uniko ya mkoa uliojiona umesahauliwa. Mizizi ilikuwa hapo hapo. Aliyaandika haya katika jarida la kitaaluma wakati ambapo kusema kinyume kungemletea umaarufu zaidi.

Hatusemi kwamba amesema yote tunayoyataka. Mwanahistoria hupima kwa nini watu wameshika jambo. Hapimi kama jambo hilo lina dalili katika Kitabu na Sunna. Akieleza kwamba dhikri ya mazishi iliwapa wakulima heshima mbele ya watu wa pwani, huenda ni kweli, na bado suala la bid'a linabaki kwa wanazuoni kulijadili. Lakini pia tuseme ukweli dhidi ya nafsi zetu. Baadhi ya vijana wetu wamewaita wazee wa tariqa majina ambayo hayana tofauti na lile neno la washenzi. Wazee hao ndio waliobeba juzuu kutoka Lindi kwa miguu.

Kisha yakaja mambo ambayo makala ya mwaka 2006 haikuweza kuyaona. Cabo Delgado ikawaka moto Oktoba 2017. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya katika wilaya ya Mtwara, wakaua na kuchoma nyumba, na polisi wetu wakathibitisha. Sasa mwenye shaka anaweza kusema: mnaona, bunduki na msikiti vimekutana. Hapa pia tunamhitaji mtafiti. Eric Morier-Genoud wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, katika makala yake ya mwaka 2020, alifuatilia asili ya kundi lile. Alionyesha kwamba lilianza kama kikundi kilichojitenga na jamii, kikakataa misikiti ya Waislamu wengine, na kwamba Waislamu wenyewe ndio waliopambana nacho mwanzo, likiwamo Baraza la Kiislamu la Msumbiji ambalo lina mwelekeo wa Sunna. Walilalamika kwa serikali mapema, kabla ya risasi ya kwanza. Kama mtu angekuwa amekaa katika mikeka ya Mocímboa da Praia na kuandika alichosikia, na mwenye madaraka akasoma, huenda mengi yangezuilika.

Basi turudi kwa mgeni wa kijijini. Mtafiti halali katika nchi yetu huwa na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, na barua kutoka mkoani na wilayani hadi kwa mtendaji wa kijiji. Mwombeni awaonyeshe, si utovu wa adabu. Mwulizeni pia kazi yake itasomwa na nani, na kama nakala itarudi kijijini. Asiye na barua, na anayetaka majina ya watu kuliko habari za mambo, mwelekezeni ofisini. Aliye na barua, mkaribisheni, mpeni chai, mjibuni kwa ukweli, na mwenye kujua asimwachie asiyejua kujibu kwa niaba yake.

Linabaki moja tunaloweza kulifanya bila ya mgeni yeyote. Waliosilimu katika miaka ya 1920 na 1930 wameondoka wote, na watoto wao ni wazee. Weule aliwapa watu karatasi wachore, michoro ikaenda Leipzig. Leo tumekuja na madaftari, moja kwa kila msikiti uliowakilishwa hapa. Yana safu nne: jina la mwalimu wa kwanza, alisoma wapi na kwa nani, mwaka au tukio la kuukadiria, na jina la mzee aliyesimulia. Wa Masasi watayarudisha kwa walimu wao wa madrasa, wa Newala watayaleta hapa hapa baada ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao. Anayejua kuandika akae na asiyejua.